Kreni ya Kupakata

4 Februari

Mpwa wangu Bi Maswali,

Nina miaka sabini na tisa. Nimeziaga kreni nne, zote zimekatwakatwa zikaenda chuma chakavu, na mimi bado natafuna mfupa kwa meno yangu mwenyewe. Nimewazika mameneja saba. Nimemzika mke wangu, nikamzika na mama yako, dada yangu mdogo ambaye kwa haki yeye ndiye angenizika mimi. Nimemzika hata daktari aliyeniambia nikiendelea na tumbaku sifiki sitini. Yeye hakufika hamsini na tano, na hakuvuta hata siku moja.

Naandika mwenyewe, usitafute aliyenisaidia, hayupo. Darasa la tatu la wakati wetu lilikuwa sawa na chuo chenu, na kama herufi zinapanda mlima ni kwa sababu meza hii ina mguu mfupi. Simu usinipigie. Masikio yangu yaliliwa na injini. Nikiiweka sikioni nasikia nzi ndani ya chupa.

Haya, shida yangu. Wewe ni fundi kompyuta, mimi nataka kompyuta. Si ile ya mezani yenye kichwa kama televisheni. Nataka ile ndogo ya kukunja, ya kubeba kwapani kama daftari, lakini iwe ile yenye nguvu ya gemu. Nimeiona kwa macho yangu. Nilikwenda hospitali kumwona mgonjwa, wadi ya wanaume, na kitanda cha jirani yupo mwalimu wa shule aliyevunjika mguu. Mguu umening'inizwa juu, kakompyuta kako tumboni. Nikachungulia. Naona nini? Kreni!

"Mwalimu, kreni ya nani hiyo?"

"Ya gemu, mzee. Naiendesha mwenyewe."

"Unaiendesha au unaipindua? Rudisha mkono karibu kwanza ndipo uinue, utaua watu wewe!"

Akacheka mpaka mguu ukamuuma, akanipa nijaribu. Mzigo wangu ulitua kama yai juu ya pamba. Wadi nzima ilinitazama. Lakini yake haiazimwi, anasema imebeba mitihani ya wanafunzi.

Basi nataka unijulishe kama kadude ka namna hiyo kananifaa. Jibu ni ndiyo, lakini adabu ni kuuliza. Bei usiitaje, hiyo tutamalizana. Na mgonjwa ni nani, hilo usiulize.

Ni mimi mjomba wako,
Mwewe wa Kreni Namba Nne


13 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma dukani, wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Nimefurahi kusikia una meno.

Mteja akiingia hapa na kusema "nataka ile pale", huwa simuuzii. Namkalisha kwanza. Na wewe nakukalisha, hata kama ni mjomba. Utaitumia wapi, mezani au mapajani? Soketi ya umeme iko hatua ngapi kutoka hapo? Utaibeba kila siku au itakaa sehemu moja? Macho yako yanasoma maandishi ya ukubwa gani bila ile lenzi yako? Na vidole vyako vikoje asubuhi? Usinijibu kwa majigambo, nijibu kwa vipimo.

Nakuuliza kwa sababu laptopu ndogo ya gemu ni injini ya lori iliyofungwa kwenye baiskeli. Nguvu inayo kweli, lakini inapata joto, feni yake inalia, na betri ikifanyishwa kazi ya gemu inakata mapema. Kioo chake kina upana wa daftari la shule. Watu wanaoifurahia ni wale wanaosafiri kutwa, wenye macho makali na mapaja yasiyosikia moto. Mtu wa umri wako anayetaka kuendesha kreni nyumbani kwake ningempa kubwa ya mezani, kioo kipana, na vishikio viwili vya kushika kama vile vya kibandani kwako. Ungekaa kama mfalme.

Sasa lile ulilonikataza. Hapo ulipo kuna mtu mmoja tu ambaye ungemwendea wadini halafu usinitajie jina. Kama ni yeye, niambie. Sijasema nitakuja. Nasema tu niambie.

Wako,
Mpwa


20 Februari

Bi Maswali,

Marahaba. Ungekuwa polisi wewe.

Vipimo unataka, vipimo nakupa. Itakaa juu ya kile kimeza cha magurudumu kinachovutwa mbele ya mgonjwa. Nimekipima kwa mkono: shibiri mbili na vidole vitatu. Yako ya mezani, hata kichwa chake hakienei hapo. Soketi ya karibu ina mashine ya kupumulia ya mzee mwingine, sitaichomoa, mimi si mchawi. Kutoka kwangu hadi wadini ni mwendo wa nusu saa kwa miguu yangu, ambayo ni miguu mizuri. Macho yangu yako salama. Lenzi naitumia kwa ajili ya herufi zenu tu, siku hizi mnaandika kidogo. Vidole asubuhi vinatetemeka kiasi, mchana vinatulia. Nimemaliza.

Ndiyo, ni baba yako. Kiharusi, mwezi wa tatu sasa. Upande wa kulia wote umelala na ulimi umekwenda nao. Mkono wa kushoto unaweza, ila hautaki. Anatazama dari tu. Muuguzi wa mchana, mrefu mmoja mwenye mwanya, anamlisha kwa kijiko na kumsemesha kama mtu anayejibu. Juzi aliniuliza, "Babu, huyu alikuwa mkali?" Nikamwambia huyu ni shemeji yangu, alimwoa dada yangu nikiwa nimesafiri, ningekuwepo nisingekubali. Akacheka. Baba yako hakugeuza hata jicho, na utani ule nilikuwa nikimtupia kila siku kwa miaka thelathini naye alikuwa na jibu lake.

Sasa sikia. Siku ile niliposhika kreni ya mwalimu, ndoano ikaingia kwenye kioo, nikatupa jicho kitandani. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kinazunguka juu ya shuka. Kinazunguka hivi, taratibu, kimeelekea juu. Wewe ulikulia kwenye nyumba ile, unajua. Kidole juu kikizunguka ni pandisha. Kidole chini kikizunguka ni shusha. Mkono ulionyooshwa, kiganja kikitazama chini, unafagia kulia na kushoto, ni simama. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukituashiria hivyo mezani tukikuongezea uji.

Watu hudhani mwendesha kreni anatazama mzigo. Hatazami mzigo! Mzigo uko nyuma ya rundo, uko ndani ya behewa, hauonekani. Unamtazama mpiga ishara wako, mikono yake, basi. Miaka kumi na tisa mimi nilikuwa juu na yeye chini. Hatukuwa na redio. Tulikuwa na mikono yake na macho yangu. Na hapakuwa na jozi kama sisi, waulize waliobaki, kama wapo.

Kwa hiyo nimpelekee kreni kitandani. Mimi niendeshe, yeye aashirie. Ulimi umekufa lakini mkono ule unakumbuka. Na nina jambo moja la kumuuliza kabla hajaondoka, la siku ile ya nondo. Daktari hakunipa miezi, alinipa wiki.

Nitumie ndogo.

Mwewe


1 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara tatu.

La siku ya nondo lilikwisha kuulizwa na likajibiwa. Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimekaa benchi la nyuma kwenye ule ukumbi wa kampuni wenye feni mbovu. Baba alisimama akasema, "Nilimwashiria asimame." Wewe ukasimama, ukaweka kofia yako kifuani, ukasema, "Aliniashiria nishushe, nikashusha." Fundi wa minyororo alikuwa bado chini ya lile rundo la nondo liliposhuka. Wale watatu wa mezani, waliokuwa wakichunguza ajali, walikutazama wewe, wakamtazama baba, hawakuhitaji hata kwenda kunong'onezana. Baba alivua glavu zake palepale akaziweka mezani. Tangu siku hiyo aliyetaka kuninyamazisha shuleni alijua la kusema: baba yako aliua mtu kwa kidole.

Miaka yote hakubadili neno lake. Mara ya mwisho tulipoonana, miaka kumi na moja sasa, alilisema tena tukiwa tunakula: "Mimi nilisimamisha." Nikamwambia, "Mjomba hasemi uongo, baba. Sema pole tu mara moja, tupumzike." Akainuka mezani. Nami nikafunga begi langu. Hiyo ndiyo sababu mwanawe anasoma habari za kiharusi chake kwenye barua ya mtu mwingine.

Kama unataka kumpa nafasi ya kukiri kabla hajafa, ni wema wako, na mimi sijui kama anastahili.

Sasa laptopu. Nimekufungia moja iliyokuwa ya mtangazaji wa mpira aliyekuwa akisafiri nayo. Ni ndogo kweli, inaingia kwenye kimeza chako na nafasi inabaki. Kreni ipo ndani, nimeijaribu. Nimekuwekea yadi ya vyuma, marundo ya nondo na mabehewa. Katika gemu kuna mtu aliyechorwa anayesimama chini na kupunga mikono. Nimemwondoa, kwa sababu najua ungemtukana.

Lakini nakuambia kama fundi, si kama mpwa: haikufai. Betri kwa kazi hii ni saa moja na nusu, kisha inazima bila kuaga. Feni italia wadini. Vitufe ni vidogo kuliko vidole vyako. Na kubwa kuliko yote ni kioo. Ukifanya kazi kwenye kioo kidogo hivi, kwa macho yako, utainama mpaka pua iguse, na ukishainama hutaona kitu kingine chochote. Mtu akiingia chumbani hutamjua. Mimi wateja wangu wazee nawakatalia.

Wewe siwezi kukukatalia. Ndiye uliyenisindikiza chuoni.

Mpwa


12 Machi

Bi Maswali,

Imefika, haina hata mkwaruzo. Umemfunga mtoto mchanga ndani ya mablanketi.

Mtu wa kuchorwa umefanya vyema kumwondoa. Mtu wa kuchorwa hana shemeji.

Nimefanya mazoezi siku nne nyumbani. Nimeangusha mizigo tisa, lakini hiyo ni kompyuta yako, si mimi. Kreni ya kweli inakuambia kwa makalio kwamba mzigo unayumba, kiti kinatetemeka, unajua. Hii haisemi kitu. Inakaa kimya na kukupindukia. Mzigo wa kumi ulitua vizuri. Wa kumi na moja tusiutaje.

Alhamisi nikaenda nayo. Nikakivuta kimeza mbele ya baba yako, nikaikunjua, ikawaka, feni ikaanza. Mzee wa mashine ya kupumulia akafumbua macho. Mwalimu akasema, "Mzee, punguza moto!" Yule muuguzi mwenye mwanya akaja mbio kutoka mwisho wa wadi.

"Babu Kreni, hiyo ndege inatua au inaruka?"

"Inaruka, mama. Wewe keti ufunge mkanda."

Akaniambia nina nusu saa kila Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, wagonjwa wakiwa wameshiba hawagombi. Na nikiwachosha anaitupa dirishani pamoja na mimi. Ni mwanamke mzuri. Angekuwa yadini ningempa filimbi.

Baba yako hakutazama. Nikampigia kelele sikioni, "Shemeji! Kazi imeingia! Mabehewa mawili, nondo!" Akafumba macho. Nikaendesha peke yangu mpaka ikazima, bila kuaga kama ulivyosema. Ilizima mzigo ukiwa hewani. Nimerudi nyumbani nikiuwaza ule mzigo njia nzima, uko wapi sasa.

Amepungua. Nilimwinua na muuguzi kumgeuza, nikasikia mifupa ya bega kama vishikio. Utamuuliza nini mwanamume yule akiwa hivyo? Lakini nitauliza. Mimi sijawahi kushuka kwenye kreni kazi haijaisha.

Mwewe


20 Machi

Mjomba, shikamoo.

Weka kitabu kinene chini yake upande wa nyuma, ipate hewa, feni itapungua. Punguza mwanga wa kioo, betri itakuongezea robo saa. Ukiweza weka kioo juu, usawa wa uso, ili usiiname. Ukishindwa, mwombe mwalimu aendeshe na wewe umtazame baba. Nakuomba fikiria hilo la mwisho.

Nimeomba likizo. Nimepewa kuanzia tarehe kumi na mbili Aprili. Sijui nitasema nini nikifika, labda nitakaa tu. Mwambie, kama anasikia. Ama usimwambie, asije akanisubiri.

Kuna jambo limenikosesha raha tangu nifunge ile laptopu, na najua unaniita Bi Maswali, basi ngoja nilistahili jina. Wewe ulisema ulimwona akikuashiria kushusha. Ulimwona kwa macho yako, mchana, hatua arobaini. Sasa kama ulimwona, Mjomba, unakwenda kumuuliza nini?

Nijibu hilo moja tu.

Mpwa


5 Aprili

Mpwa wangu,

Baba yako amefariki Jumatano asubuhi. Tumemzika jana. Nilikuwepo mimi, muuguzi, na watu wawili wa hospitali. Hakuteseka, muuguzi anasema.

Mjomba


10 Aprili

Mjomba,

Umemzika bila mimi. Namba yangu ya simu unayo, ipo ndani ya kila barua, na muuguzi ana masikio.

Swali langu hukulijibu.


17 Aprili

Mpwa wangu,

Nimeamka asubuhi hii nikasema leo naandika au sitaandika tena. Soma mpaka mwisho, halafu uichane au uitunze, ni juu yako.

Sikumwona. Ndilo jibu. Siku ya nondo sikuona aliniashiria nini, kwa sababu sikuwa nikimtazama.

Walikuja wageni siku ile, wakubwa wa kampuni na wenzao kutoka mbali, wamevaa kofia mpya za plastiki. Meneja akawaambia, "Huyo aliye juu ndiye bora tuliye naye." Sikusikia, lakini nilimwona akininyooshea kidole, na mtu anayenyooshewa kidole na meneja mbele ya wageni anajua kinachosemwa. Nikawa nawatazama wale wageni wakinitazama. Nilitaka waone mzigo ukitua wenyewe, bila kusita, kama nimeuzaa. Niliujua ule mzigo. Nilikuwa nimeushusha mahali palepale mara mia. Nikaushusha. Nikasikia kamba ya chuma ikilegea, nikageuza kichwa, na baba yako alikuwa amekwisha kukimbilia kwenye rundo.

Ukumbini waliniuliza aliashiria nini. Ningesema sijui, wangeuliza kwa nini sijui. Nikajiambia, lazima aliashiria nishushe, kwani ningeshushaje kama hakuashiria? Nilijiambia hivyo mpaka nikaanza kukiona kile kidole. Miaka ishirini na moja nimekiona. Kuna siku nilikuwa na hakika. Kuna siku nyingine sikuweza kunywa maji mbele yake. Naye, mpwa wangu, hakunikatalia nyumba yake hata mara moja. Alinipisha kiti, akanitania, akaniuliza habari za kreni. Lakini lile jambo hakulitaja mbele yangu tangu siku ile. Nadhani alijua. Alikuwa chini, alikuwa ameinua uso, aliona macho yangu yako wapi.

Hilo ndilo nililotaka kumuuliza. Nilitaka mkono wake uniambie ilikuwa ishara gani, basi.

Alhamisi ya tarehe ishirini na nane niliipanga yadi ya kompyuta kama yetu. Rundo lile, behewa lile, mzigo wa nondo juu. Nikamwambia sikioni, "Shemeji, ni ile siku. Niashirie." Mara hii alitazama. Naapa alitazama kioo. Barua yako nilikuwa nimeisoma. Kitabu nilikuwa nimeweka. Lakini mwalimu sikumwomba. Nikaona haya, mimi nimpe mwalimu wa shule kreni yangu?

Nikaanza. Mzigo ukayumba. Vitufe vidogo, vidole vikakataa, nikabonyeza viwili kwa pamoja, mkono wa kreni ukakimbia upande. Nikainama. Nikaukimbiza, nikauzuia, nikaurudisha. Nikasahau niko wapi. Muuguzi akanigusa bega, nikamtikisa. Akanigusa tena, akanisemea sikioni kabisa, "Babu, mgonjwa wako anakuita!" Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Ngoja niushushe huu kwanza."

Nikaushusha. Ulitua vizuri mno, haukutikisa hata vumbi. Nikainua kichwa nikicheka. Mkono wake ulikuwa umerudi juu ya shuka.

Nikamuuliza muuguzi alifanya nini. Akasema, "Alinyoosha mkono." Alinyooshaje? Nikamwambia anionyeshe. Yule mama hajapata kukanyaga yadi, hajui nondo wala ndoano. Akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya kitanda, kiganja chini, akaonyesha. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia haikuwa kidole? Akasema, "Kidole gani, babu? Nilikuwa nimesimama hapa." Akaonyesha mara ya tatu, na akasema alifanya hivyo muda mrefu, mpaka mkono ukachoka ukaanguka.

Nikainamia sikio la baba yako nikapiga kelele, "Nimeiona, shemeji! Nimeiona ishara yako!" Hata hapo, mpwa wangu. Hata hapo nilidanganya. Akanitazama kama alivyonitazama ukumbini, bila hasira, kama mtu anayemtazama mtu aliyeketi mbali. Kisha akageuzia uso ukutani. Siku sita baadaye akafa. Mkono ule haukuinuka tena.

Namba yako ilikuwa mfukoni mwangu siku zote sita. Sikumpa muuguzi. Niliogopa utafika akiwa hai, nilazimike kukuambia ukweli mbele yake.

Usiniulize tufanye nini sasa, hakuna cha kufanya. Wale watatu wa mezani nimewazika wote. Yadi imesawazishwa, wanaegesha magari. Hakuna ofisi ya kupeleka ukweli wangu ikaupokea, na baba yako hahitaji glavu. Kompyuta yako nimeirudisha kwa posta. Ulisema hainifai na ukanipa sababu, sababu zako zote zilikuwa za kweli.

Najua hutaniamini. Mtu aliyeapa uongo mara moja hana neno, na mimi nisingejiamini. Kwa hiyo ukija, usinipitie. Nenda moja kwa moja wadi ya wanaume, saa za mchana, umtafute muuguzi mrefu mwenye mwanya. Mwambie akuonyeshe alichofanya baba yako kwa mkono wa kushoto. Maana yake usimwambie, mwache aonyeshe tu, wewe unaijua tangu utoto. Na mwalimu wa mguu uliovunjika yupo bado kitanda cha jirani, naye aliona. Hao wawili ndio mashahidi. Mimi usiniulize, sikuwa nikitazama.

Kaka wa mama yako